Tayari ya Lini

Mpaka leo, mtu akitaka kunikasirisha, aniambie kitu kiko tayari. Asiseme tayari kwa kazi gani wala tangu lini, aseme tu "tayari" halafu anyamaze. Damu itanipanda papo hapo, na atakayekuwa karibu atanisikia.

Miaka ile serikali ilikuwa imejitoa kwenye dawa za mifugo. Soko huria, walisema, kila mwenye uwezo afanye biashara. Basi wakaja wenye maduka ya dawa, wakaja wenye kuuza maji ya chumvi wakiyaita dawa, na tukaja sisi, kampuni ya chanjo yenye makao Mbeya na tawi Sumbawanga, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyopakana na mashine ya kusaga. Chumba kimoja kilikuwa cha friji na jenereta yake. Cha pili cha meneja. Cha tatu changu mimi na kompyuta, na unga wa jirani uliokuwa ukipenya dirishani ukatua juu ya kila kitu.

Kazi yangu ilikuwa kumbukumbu. Madaktari wa mifugo wa vituoni walihesabu ng'ombe joshoni, wakaleta karatasi, nami nikaingiza kwenye kompyuta: mwenye mifugo nani, yuko wapi, wangapi, wamechanjwa au bado. Hiyo haikuwa shida. Shida ilikuja mtu alipouliza kila mahali pana ng'ombe wangapi kwa jumla. Hapo kompyuta ililazimika kupitia kumbukumbu zote, moja moja, na ile ilikuwa kompyuta kuukuu iliyokwisha kuchoshwa na Mbeya kabla ya kuletwa kwetu. Uliiagiza asubuhi, ikakoroma mpaka alasiri.

Ndipo Wiliam, fundi wa programu wa makao makuu, alipotutengenezea muhtasari. Wazo lilikuwa zuri, sitamnyima sifa yake. Kompyuta ilikokotoa mara moja, ikayaweka majibu pembeni, na kila aliyeuliza akapewa jibu lililowekwa bila kusubiri. Ni kama mtu anayechemsha Jumatatu maharage ya wiki nzima. Kwenye pembe ya skrini Wiliam aliweka alama ya kuonyesha hali ya huo muhtasari. Ukiwa haujawahi kujazwa, alama ilisema HAUJAJAZWA, na kompyuta ilikataa katakata kukuonyesha chochote. Ukishajazwa, alama ilisema TAYARI, kwa rangi ya kijani, na tarakimu zikafunguka.

Wiki ya kwanza programu ilipowekwa, umeme ulikatika kila siku na muhtasari haukujazwa. Meneja wetu, Bwana Flavian, alikuwa akiingia chumbani kwangu kila baada ya muda, anasoma HAUJAJAZWA, anasonya, anatoka. Siku TAYARI ilipotokea alifurahi kama aliyepata mjukuu. Alimwita Leonia, mama aliyetupikia chai, akamwagiza maandazi ya ofisi nzima, na ofisi nzima ilikuwa sisi na dereva Beda.

Sasa nieleze jambo ambalo nililieleza katika ofisi ile mpaka sauti ikakauka. Alama ile ilisema tu kwamba muhtasari umeshajazwa. Haikusema ulijazwa lini. Ningeweza kuingiza kumbukumbu mpya tangu masika mpaka kiangazi, na muhtasari ungekaa pale pale na majibu yake ya zamani, TAYARI, kijani, bila haya. Ili upate mapya ulihitaji kuuamuru ujazwe upya, ukasubiri nusu siku, na Bwana Flavian hakupenda kusubiri. Kila nilipomwambia aliitikia kwa kichwa akasema, "Nimekuelewa, Hilaria." Hakuwa amenielewa.

Wala hakuwa mjinga. Alikuwa Mfipa wa Kasense, mpole, mtu anayeweza kutazama ng'ombe kwa mbali akajua anaumwa nini. Lakini zamani, kabla ya muhtasari, aliwahi kupeleka Mbeya hesabu mbili tofauti katika wiki moja, zote kutoka kwenye kumbukumbu, na zote zilikuwa kweli kwa siku yake. Mbeya walimfokea, wakamtaka aseme ipi ni sahihi. Tangu hapo akawa na msimamo wake: muhtasari ndio rasmi, kumbukumbu ni ghafi. Neno hilo "ghafi" nalo nililichukia.

Basi, mwezi wa sita, baridi ikiwa ile ya Sumbawanga ya kuvaa masweta mawili, likaja gari la Mbeya na chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Haikuwa nyingi. Beda angeanza kuisambaza asubuhi ya keshokutwa, na kesho yake mapema akaja Mzee Mboje.

Alikuwa Msukuma, mfugaji, mrefu, amevaa makatambuga na koti la mvua ingawa hakukuwa na mvua. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wetu, akaingia akipuliza vidole.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia dawa imekuja."

Bwana Flavian alitoka chumbani kwake. Walisalimiana vizuri, kwa kirefu, habari za nyumbani, habari za njiani. Halafu Flavian akauliza, "Na ng'ombe wako wanaendeleaje?"

"Nilipoondoka alfajiri walikuwa wazima."

"Mimi nakuuliza sasa hivi, wewe unanipa habari za alfajiri."

"Sasa hivi mimi niko hapa, mkubwa, wao wako kule. Nitajuaje?"

Flavian alinitazama kama anayetafuta shahidi. Mimi nilikuwa upande wa Mzee Mboje tangu sentensi hiyo.

Akaeleza kilichomleta. Huko Mwimbi, ng'ambo ya kijito wanakonyweshea, ng'ombe wa jirani wameanza kukohoa. Wanasimama wamenyoosha shingo, viwiko vimetanuka, hawali. Wake bado. Lakini maji ni hayo hayo na malisho ni hayo hayo, na chanjo isipofika kabla ya kikohozi, haitakuwa na la kufanya. Alikuwa ameshawahi kupoteza zizi zima kwa homa ile, zamani, kwao, kabla hajahamia Rukwa. Hakulizungumzia sana. Alisema tu kwamba safari hii hana pa kuanzia tena.

Flavian aliinama kwenye skrini yangu. TAYARI, kijani. "Mwimbi ina ng'ombe wachache, mzee. Boksi moja linatosha na kubaki. Mzigo mkubwa unakwenda Chala, ndiko waliko wengi."

"Wachache?" Mboje akauliza. "Wangu peke yangu hawatoshi kwenye hilo boksi. Na ndugu zangu je?"

"Wewe ulihesabiwa wapi?"

"Zamani, Chala. Tulihama baada ya mavuno ya mwaka jana, sisi sote."

"Ndiyo hivyo. Mko Chala."

"Tuko Mwimbi, mkubwa."

"Kwenye muhtasari mko Chala."

Mzee Mboje alivua kofia. "Basi naomba uniambie huko Chala ng'ombe wangu wanalala wapi, maana zizi nilipoondoka nililing'oa, miti yake tukaichoma kuni."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka, lakini nilicheka, na Flavian akakunja uso. Nikamwambia, kwa upole wote niliokuwa nao, kwamba muhtasari ule ulijazwa kabla ya mavuno ya mwaka jana na haujaguswa tangu hapo. Kama chanjo itagawanywa kwa tarakimu zile, Beda atakwenda Chala kuchanja nyasi.

"Hapa pameandikwa tayari," Flavian akasema.

"Tayari ya lini, bosi?"

"Tayari ni tayari."

Akamgeukia Mboje, akamwomba ataje idadi ya ng'ombe wake, ili angalau apate pa kushika. Na hapo, nakiri, Mzee Mboje naye akanimaliza. Alikaza midomo. Akasema ng'ombe hawatajwi idadi kwa mdomo, ukiwataja unawapunguza. Mtu anajua walio wake kwa kuwatazama, jioni akiona pengo anajua nani hajarudi.

"Sasa mzee," nikamwambia, "tutakusaidiaje usipotaka kusema?"

"Mbona Gabriel aliwahesabu? Daktari wenu wa Mwimbi. Tuliwapitisha joshoni, akahesabu yeye, mimi nikageuza uso. Karatasi alileta huku."

Kweli alileta. Niliingiza mwenyewe. Nikafungua kumbukumbu za Mwimbi peke yake, jambo ambalo halikuchukua hata dakika, na Mboje alikuwa pale, yeye na ndugu zake, zizi baada ya zizi. Mboje aligeuza uso asione skrini. Nikamwonyesha Flavian. Alizitazama kwa muda mrefu, nikadhani yamekwisha.

"Hizi ni ghafi," akasema. "Nikizitumia hizi, Mbeya wataniuliza kwa nini zinapingana na muhtasari ambao uko tayari. Nitawaambia nini?"

Nikapiga simu Mbeya, kwa Wiliam. Nilimuuliza, yeye aliyelitunga neno, alikuwa na maana gani.

"Maana yake umejazwa tayari," akanijibu, kama vile ni jambo la kila mtoto. "Kama unavyosema nimekula tayari."

"Wiliam, watu wote huku wanasoma uko tayari. Kama chakula kiko tayari, karibuni mezani."

"Ni neno lile lile."

"Si neno lile lile. Mtu aliyekula tayari juzi leo ana njaa."

"Andikeni maombi, nitalibadilisha kwenye toleo lijalo. Nafasi ni fupi, maneno marefu hayaingii." Akakata.

Nilikaa na mkono wa simu sikioni kwa muda, nikisikiliza mlio. Nyuma yangu Leonia akaita kwamba chai tayari. Aliita saa nne kama kawaida, sisi tukachelewa kwenda, na kwa baridi ile chai yake ikawa maji ya mto. Flavian aliinua kikombe, akaonja, akakirudisha. "Leonia, hii ndiyo unaita tayari?"

"Ilikuwa tayari nilipoita, baba."

"Umesikia, bosi?" nikasema. "Ndicho ninachokueleza tangu asubuhi. Muhtasari ni hiyo chai."

"Chai ni chai, Hilaria. Hii ni kompyuta."

Nilitoka nje nikatazama ukuta. Mzee Mboje alikuwa amekaa kwenye benchi juani, makatambuga mbele yake, akigandua tope kwa kijiti. Nilirudi ndani nikamwambia Flavian kwamba kama hesabu rasmi ndiyo anayoitaka, aniruhusu niujaze muhtasari upya, na jioni atakuwa na rasmi isiyopingana na mtu. Alisitasita, kwa sababu wakati wa kujaza hakuna anayeweza kuusoma muhtasari, naye alipenda kuutazama. Lakini akakubali.

Kompyuta ikaanza kukoroma. Mashine ya kusaga ya jirani nayo ikinguruma, tulikuwa kama tumekaa ndani ya tumbo la kitu. Mboje alikataa kwenda kula, akaletewa viazi na Leonia akala pale pale. Mstari wa maendeleo ulitambaa kwenye skrini, ukafika katikati, ukapita, alasiri ikawa imebaki sehemu ndogo sana mwishoni. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Kisha mashine ya kusaga ikanyamaza, na mimi nikajua kabla sijatazama. Umeme umekwenda.

Jenereta ilikuwa ya friji tu, na hilo hata mimi nisingelipinga. Tukasubiri. Umeme uliporudi nikawasha, nikangoja, nikafungua muhtasari nikiamini nitaona HAUJAJAZWA, au angalau neno la kuomba radhi. Nikaona TAYARI. Kijani. Tarakimu zile zile za kabla ya mavuno ya mwaka jana. Kazi iliyokatwa katikati kompyuta iliifuta yote, ikarudisha ya zamani mahali pake, ikakaa kama hakuna kilichotokea.

"Unaona sasa?" Flavian akasema juu ya bega langu, na sauti yake ilikuwa ya kunifariji. "Umehangaika bure. Mbona iko tayari."

Nilikuwa nimevumilia tangu asubuhi. Nilikuwa nimeeleza kwa upole, nikaeleza kwa simu, nikaeleza kwa chai. Nilihisi machozi ya hasira yananijia, na sikutaka ayaone.

"Bosi," nikasema, "kuna amri moja nyingine. Inaumwaga muhtasari, inauacha mtupu. Kumbukumbu zinabaki zote, haigusi hata moja. Inamwaga maharage yaliyochacha tu. Nataka uwepo nikiifanya, usije ukasema nilijificha."

"Usifanye."

"Naifanya."

Nikaifanya. Kumwaga hakukuchukua muda. Alama ikageuka, ikawa HAUJAJAZWA, na tarakimu zote zikatoweka. Nilipojaribu kuufungua, kompyuta ilikataa, kama ilivyokataa ile wiki ya kwanza. Sikuwahi kuipenda kama dakika ile. Ilikuwa haijui, na ilisema haijui.

Flavian hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ya chini kwamba nimeiharibu ofisi, kwamba asubuhi Beda anaondoka na yeye hana hata tarakimu moja mkononi, kwamba atanipeleka Mbeya nikajieleze mwenyewe. Mboje alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia. Sidhani alielewa kilichofanyika, lakini alielewa kwamba kilihusu ng'ombe wake, na macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwa Flavian yakarudi.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Mama Evodia wa usambazaji, Mbeya, akitaka mgawanyo wa kesho. Flavian alisimama wima kama yuko mbele yake.

"Muhtasari haujajazwa, mama," akasema. Uongo hakuujua, hilo namkubalia. Akasikiliza. Akasikiliza tena. Uso wake ukabadilika polepole. "Ndiyo mama. Zipo. Ndiyo. Sawa mama."

Aliiweka simu chini kwa uangalifu.

"Anasema kama haujajazwa, tutumie kumbukumbu."

Siku nzima. Siku nzima mzee wa watu amekaa juani, ng'ombe wake wakinywa maji pamoja na wanaokohoa, na utaratibu ulikuwa huo miaka yote: muhtasari ukiwa mtupu, kweli inaruhusiwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu. Badala yake nilifungua kumbukumbu, Mwimbi kwanza, Chala baadaye, tukajumlisha mimi na Flavian bega kwa bega mpaka Leonia akaja kufunga jiko. Mboje aligeukia ukuta muda wote huo.

Asubuhi Beda alipofika njia panda hakushika ya Chala. Alikwenda Mwimbi, mzigo mkubwa nyuma, baiskeli ya Mboje juu ya turubai, na Mboje mwenyewe mbele, koti la mvua limefungwa vifungo vyote.

Ng'ombe wa yule jirani wa ng'ambo ya kijito waliisha karibu wote. Chanjo haimponyi aliyekwisha ugua. Gabriel alileta karatasi zao, nikaziingiza, na kuingiza vifo ni kazi ile ile ya kubonyeza, ndiyo inayochukiza. Muhtasari niliujaza upya Jumapili, umeme ulipokuwa mtulivu. Na Wiliam, baada ya maombi yangu matatu kwa maandishi, alibadilisha neno. Akaondoa TAYARI, akaweka UMEKAMILIKA. Niliposoma nililaza kichwa kwenye kibodi.

Siku hiyo hiyo Mzee Mboje alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akamkabidhi Leonia, akaketi kwenye benchi lake. Flavian alikuwa chumbani kwangu akiusoma muhtasari. Simu ikalia. Nilimsikia akimwamkia Mama Evodia, kisha akirudia swali lake: Mwimbi hali ikoje?

Aliitazama skrini. UMEKAMILIKA, kijani. Alifungua mdomo. Kisha akauziba mkono wa simu kwa kiganja, akainama dirishani.

"Mzee Mboje. Ng'ombe wako?"

"Nilipoondoka alfajiri walikuwa wazima."

Flavian aliirudisha simu mdomoni. "Alfajiri walikuwa wazima, mama," akasema. "Sasa hivi sijui."